Jina Kwenye Chupa

Felista tumemzika juzi Ijumaa, na pale makaburini kila aliyesimama kusema alisema marehemu alikuwa mpole. Mpole! Nilijikaza nisicheke mbele ya padri. Mwanamke aliyemkimbiza mnunuzi wa ngozi kwa mwiko, kutoka mlangoni kwetu mpaka mnadani Issuna, kwa sababu alimwita mume wake mjinga! Nyie mlimkuta ameshakuwa bibi, meno hana. Mimi nilimjua tangu ana miaka kumi na tisa, analetwa kutoka Mtinko anacheka njia nzima. Tuliolewa na ndugu wawili, mimi na mkubwa, yeye na mdogo, Antipasi. Tulipika kwenye tembe moja, moshi mmoja ukituumiza macho. Kaeni basi niwaambie Felista alikuwa nani. Mwenye kulia atalia baadaye.

Kwanza mjue hili. Kwetu siku zile mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtaji jikoni, hamtaji shambani akiwa peke yake na jembe, wala hamtazami usoni. Unapeleka chakula, unapiga goti, unaondoka. Ulimi ukiteleza ukalitaja lile jina, unatoa kondoo, na aibu inabaki hata kondoo akishaliwa. Kwa hiyo mimi na Felista tulimwita mkwe wetu Mwenye Zizi, na hata leo nitamwita hivyohivyo, msinisumbue.

Mwenye Zizi alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa anajua kila ndama ni wa ng'ombe gani, hata wale waliozaliwa kwa jirani. Alimpenda Felista kwa sababu ng'ombe akishindwa kuzaa, mkono wa Felista ndio uliingia ukamgeuza ndama. Walifanya kazi hiyo pamoja mara nyingi, yeye kashika pembe, Felista yuko nyuma, na hawakutazamana hata siku moja. Huo ndio ulikuwa upendo wetu wa zamani, nyie mtasema nini.

Mwaka wa hamsini na saba, Mwingereza bado anatawala, tumemaliza kuvuna mtama, Mwenye Zizi akaanza kukohoa damu. Antipasi alikuwa Itigi, kibarua wa reli, anapasua kokoto. Mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe mbali kutafuta maji. Tukabaki wanawake. Tukampakia mzee kwenye lori la misheni, mimi huku na Felista huku, tukampeleka hospitali. Tulipofika akabebwa kwa machela moja kwa moja ndani, pumzi imekata, hawezi kusema neno. Sisi tukaambiwa tuende dirishani kwa karani.

"Jina la mgonjwa?" karani akauliza.

Tukatazamana.

"Ni baba," Felista akasema.

"Baba nani?"

"Baba wa waume zetu."

"Mama, sijakuuliza watoto wake. Nataka jina lake mwenyewe, la kuandika kwenye kadi. Tazama mstari ule nyuma yako."

Sasa tufanyeje? Nyuma yetu wamesimama watu wa Issuna wanaotujua, masikio wazi. Mimi nilikuwa na kitambaa chenye karatasi za nyumbani. Nikatoa stakabadhi ya kodi, nikamsukumia karani. Nilijua ni ya Antipasi. Ya mzee haikuwepo, kwa sababu wazee wa umri wake walishasamehewa kodi. Nikawaza, nyumba moja, damu moja, itadhuru nini?

Felista akanishika mkono. "Dada, hiyo siyo yake."

"Nyamaza wewe! Una kondoo wa kutoa?"

Akanyamaza. Karani akaandika: Antipasi, wa Issuna. Sikilizeni vizuri, maana yote yalianzia hapo, na mkono uliotoa ile karatasi ni huu hapa.

Daktari alimpiga mzee picha ya kifua, kisha akamchoma sindano nene chini ya bega la kulia, katikati ya mbavu. Yakatoka maji mengi yenye damu. Halafu kwa sindano nyingine akavuta kipande cha nyama kidogo kama punje ya uwele, akakitia kwenye kichupa chenye dawa ya kunusa vibaya. Tukaambiwa kipande kitasafiri mpaka Dar es Salaam, kwa mtaalamu wa kutazama vitu kama hivyo, na majibu yatachukua wiki nyingi. Wakakibandika kichupa karatasi ya jina, wakinakili kutoka kwenye kadi. Njiani kurudi Felista hakucheka hata mara moja.

"Dada, lile jina kwenye chupa linanikera," akasema.

"Chupa inajua nini," nikamjibu.

Basi mzee baada ya kutolewa yale maji akapona. Sisi tulisema amepona. Alirudi nyumbani anapumua, anakula ugali wake na maziwa ya mgando, wiki ya pili yuko zizini anagombana na fahali. Akasema dawa ya misheni ni kali, na kwamba mtama ukikauka atapikisha pombe ya shukrani.

Hajapikisha pombe, Antipasi akaletwa kutoka Itigi anachemka homa, mbavu zinamchoma. Hospitali ileile. Karani akauliza jina, akaambiwa Antipasi wa Issuna, akafungua sanduku lake la kadi. "Ah, ulishakuja mwezi uliopita." Antipasi na homa ile angeitika hata angeitwa Petro. Akachomwa sindano yeye naye, upande wa kushoto, yakatoka maji, akakaa siku tano, homa ikashuka, akarudi kwetu kujiuguza. Yote yakaandikwa kwenye kadi ileile. Kadi moja, vifua viwili. Antipasi alitusimulia maneno ya karani kama kichekesho. Mimi nikacheka. Felista alinitazama tu, na alikuwa na mimba ya miezi saba.

Sasa njooni kwenye ile Jumapili. Mwezi wa nane, tumetoka misa, pombe ya shukrani imeiva. Wanaume wamekaa uani kwenye vigoda: Mwenye Zizi, mdogo wake Mazengo, na mdogo wao mwingine wa mwisho, mume wangu, Antipasi na majirani. Sisi wanawake tuko upande wa jiko na mama mkwe, Cecilia. Mara akaingia mtu na baiskeli, kaptura imejaa vumbi. Alikuwa Filipo, dresa mpya wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, mtu wa Iramba. Hakuwa amemwona mgonjwa yeyote wa kwetu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Akaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akapewa kigoda, akakataa pombe. Alipokataa pombe nilijua kuna jambo. Akatoa bahasha.

"Namtafuta Antipasi na wazee wake. Majibu ya kile kipande cha pafu yamerudi. Daktari amesema nisiwaachie karatasi tu, niwaeleze."

Felista alikuwa amepiga goti anachota pombe. Kata ikabaki hewani.

"Mimi hapa," Antipasi akasema. "Kipande gani?"

"Kilichotolewa kifuani kwa sindano."

"Nilichomwa kweli," Antipasi akasema, akijishika mbavu. "Haya, sema."

Filipo akasema. Jamani, yule mtu alikuwa na moyo mzuri, alisema polepole, Kiswahili na Kinyaturu chetu cha kuokoteza. Akasema mtaalamu amekata kile kipande vipande vyembamba kushinda ganda la kitunguu, amevitia rangi, amevitazama kwa hadubini. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe ya pafu ina sura yake na kazi yake, ya ini ina yake. Kansa ni chembe zilizoacha kazi, zinazaana tu. Na kansa hazifanani. Kuna ile ambayo mtaalamu akiitazama bado anaona sura ya pafu ndani yake. Hiyo mara nyingi hutembea taratibu. Na kuna ile iliyopotea sura kabisa. Hiyo hukimbia.

Mwenye Zizi akasogeza kigoda chake mbele.

"Ngoja, kijana. Unasema kama ndama. Mimi nikimtazama ndama, nikaona baka lake, nikaona kichwa chake, nasema mama yake ni yule pale."

"Ndivyo, mzee. Hasa."

"Basi hii ya mwanangu inafanana na nani?"

Filipo akatazama karatasi, ingawa nadhani alishaikariri njiani. "Haifanani na chochote, mzee. Mtaalamu ameandika kwamba asingeambiwa kipande kimetoka kwenye pafu, asingejua."

Mwenye Zizi akageuka kwa wenzake, akawaeleza upya kwa lugha yetu, kwa utaratibu, kama anavyoeleza ugonjwa wa ng'ombe. Alielewa kuliko wote. Akasema, huyo ndama hana kwao. Hajui zizi lake, ataingia kila zizi. Kisha akamuuliza Filipo, "Imebaki miezi mingapi?"

"Daktari anasema mitatu. Pengine minne. Dawa ya kuponya hakuna, ya kutuliza maumivu nitaileta."

Yesu na Maria! Mama mkwe alipiga yowe moja, akaanguka kifudifudi. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua! Kile kipande hakikutoka kwa Antipasi, na mzee aliyetoka kueleza habari za yule ndama asiye na kwao alikuwa anaeleza kifo chake mwenyewe, huku kata ya pombe ya shukrani iko mkononi.

Antipasi hakupiga kelele. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. "Lakini Jumatatu narudi Itigi," akasema. "Nimepewa ruhusa mpaka Jumatatu." Halafu akamwita mume wangu. "Kaka. Watoto wangu wawili, na huyu anayekuja." Akashindwa kuendelea.

Na Mwenye Zizi akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Akasema, "Mungu wangu, kijana mbichi hivi! Afadhali ingekuwa mimi." Haki ya Mungu, alisema hivyo, na waliosikia bado wapo wachache.

Felista akanitazama. Macho yale siyasahau. Nikamtikisia kichwa, nikamnong'oneza, "Siyo sasa. Tutamwita dresa pembeni, tumwambie sisi wawili." Nilimwogopa mume wangu, niliogopa wazee, niliogopa kusimama mbele ya watu niseme mimi ndiye niliyetoa karatasi. Mumewe anazikwa akiwa hai pale mbele yake, na mimi namwambia siyo sasa. Shenzi kabisa mimi.

Felista akaweka kata chini, akasimama na tumbo lake, akaingia katikati ya wanaume.

"Kile kipande siyo cha mume wangu."

Mazengo akamtazama kama anamtazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Nani amekuita wewe?"

"Hakuna. Kipande siyo chake. Jina tuliloandikisha... jina lililoandikwa kwenye chupa siyo la mgonjwa."

"Ni cha nani basi?" Filipo akauliza, kalamu mkononi.

"Cha baba."

"Baba!" Mazengo akasimama. "Mimi ni baba yako, huyu ni baba yako, na yule pale ni baba yako. Unataka kumtoa mumeo kifo umtupie nani? Neno lisilo na jina halina mwenyewe. Mtaje!"

"Baba mdogo, nakuomba..."

"Mtaje au urudi jikoni!"

Felista hakurudi jikoni. Alimtazama Mwenye Zizi usoni. Miaka minane ndani ya nyumba ile, siku ya kwanza kumtazama. Akalitaja. Alitaja jina lake lote, na la baba yake juu, kwa sauti, mbele ya majirani.

Lo! Na mnajua watu walishtushwa na nini kwanza? Jina! Ndiyo, jina. Mama mkwe alinyanyuka pale alipoanguka akajifunika kichwa. Mume wangu alitema mate. Mazengo anapiga kelele kondoo, kondoo, majirani wameshika midomo. Mtu ameambiwa ana miezi mitatu ya kuishi, wao wanalilia mwiko wa jina. Ni Filipo peke yake aliyerudi kwenye karatasi. Akasoma akiifuata kwa kidole.

"Imeandikwa pafu la kulia," akasema. "Waliochomwa ni nani na nani? Naomba muinue mashati."

Wakasimama pamoja, baba na mwana, wakatugeuzia migongo. Antipasi alama yake ndogo, upande wa kushoto. Mwenye Zizi alama yake upande wa kulia, chini ya bega, kovu bado lina wekundu. Filipo alizitazama zile alama mbili, akarudi kwenye karatasi, kisha akasema, "Ni cha kwako, mzee. Nisamehe."

Mwenye Zizi akashusha shati. Akakaa. Akatazama pombe yake kwenye kata, akaimwaga chini kidogo, akaiweka kando.

"Nimesema afadhali ingekuwa mimi," akasema. "Ndiyo nimejibiwa upesi hivi?"

Antipasi alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake, amemshika miguu, analia kwa sababu ataishi, na analia kwa sababu sasa anajua ni nani atakayekufa.

Mazengo naye hakutosheka. "Na nani alitoa stakabadhi ya mtoto aliye hai ikaandikwe kwenye ugonjwa? Nani?"

Nilikuwa hatua tano kutoka kwa Felista. Hakugeuka hata kunitazama.

"Mimi," akasema.

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu, baba mdogo."

Na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza toka siku hiyo.

Mazengo akaamua kondoo wawili, mmoja wa jina, mmoja wa karatasi. Mwenye Zizi akanyanyuka, polepole, mkono kwenye mbavu. Tulidhani anaingia ndani kulala. Kumbe anakwenda zizini. Akarudi anawaburuta kondoo wawili wa kwake, dume na jike, akampa Mazengo kamba mkononi.

"Nimemlipia," akasema. "Huyu ameniambia ukweli, nyie mnaniimbia kondoo." Kisha akamgeukia Felista. "Na wewe, nimeshakulipia. Sasa uniite. Usiponiita umekula kondoo wangu bure."

Aliishi wiki tisa. Ndama yule asiye na kwao aliingia kila zizi kama alivyosema mwenyewe, kwenye mifupa, kwenye ini, mwisho kichwani. Filipo alileta dawa kila Jumapili kwa baiskeli, na kwenye chupa za dawa jina lilikuwa sahihi. Mwisho mzee hakumtambua mkewe, hakumtambua Mazengo, ukimsemesha anatazama ukuta. Felista akiingia na uji, kichanga mgongoni, anamwita kwa jina lake kama unavyomwita mtu wa rika lako, na mzee anafumbua macho, anafungua mdomo. Nilikuwa nasimama mlangoni namsikia. Mimi nilisema "Baba, baba," na hakunigeukia.

Antipasi aliishi miaka thelathini na miwili baada ya ile Jumapili, akapata watoto wengine wanne, nyie wengine wajukuu wake mmejaa hapa. Felista alikoboa mtama pamoja nami, akazika mume pamoja nami, akanisengenya na kunigawia chumvi. Tulishagombana mpaka tukarushiana vyungu. Katika ugomvi wote huo, mwanamke huyu aliyethubutu kutaja jina lisilotajwa, la kwangu hakulitaja. Hata kwa mumewe. Nilimuuliza mwaka jana, akiwa kitandani, kwa nini. Akasema, "Dada, kondoo walikuwa wameshalipwa." Akacheka, akakohoa, akaomba maji.

Kwa hiyo msiniambie alikuwa mpole.

Stakabadhi niliitoa mimi, Luciana. Na mzee aliitwa Mughwai. Mughwai, mwana wa Ntandu. Anayetaka kondoo aende zizini kwangu achukue wawili.